Mtaro wa avenu: kikao kisiishie kwenye kelele

SWALI: Kwetu Kadutu, Bukavu, mtaro wa avenu, yaani wa mtaa wetu, umejaa taka na udongo. Mvua ikinyesha, maji yanaingia nyumbani mwa watu wa chini ya mteremko. Tumekaa kikao mara tatu: wa chini wanawalaumu wa juu, wazee wawili watatu wanasema mpaka jioni, tunatawanyika bila neno. Tufanyeje?
Mama wa Kadutu

JIBU: Mama, kikao chenu kinaharibika kabla hakijaanza, kwa kuwa mnajadili mtaro ambao hamjautazama pamoja. Siku mbili kabla, watu watano au sita, wa juu na wa chini, waufuate kuanzia juu mpaka unapomwaga maji. Wapime kwa hatua na kuandika kwenye kaye (daftari) ni wapi umeziba, na kwa nini. Chupa na mifuko hutoka majumbani; mchanga hutoka kwenye mteremko uliochimbwa au kukatwa miti. Dawa yake si moja. Taka zinataka mahali pa kutupwa, udongo unataka kuzuiwa kule juu kwa nyasi na mawe. Wengi huzibua chini tu, na mvua moja inarudisha yote.

Kisha shefu wa avenu aite parseli (viwanja) zote kupitia viongozi wa nyumba kumi kumi. Akina mama wanaouza sokoni ndio waulizwe kwanza kikao kiwe saa ngapi. Wao hawawezi kuja asubuhi, nao wanajua vizuri maji yanapopenya. Swali liwe moja, tena la kazi: tuzibue lini, na kila parseli ichukue sehemu gani? Mkiuliza nani anatupa taka, mmefungua kesi.

Watu wakizidi 20, wagawanyeni vikundi vya watano au sita kwa dakika 20, wa juu wakichanganywa na wa chini, kila kikundi na msemaji wake. Shefu na wazee waseme mwisho. Wakitangulia, vijana na wajane watanyamaza, nanyi mtadhani wamekubali.

Kabla ya kuinuka, mwandishi asome kwa sauti: kazi, mtu, siku. Mtaro wa mita 120 kwa parseli 24 ni mita 5 kila moja. Sehemu ya mzee asiyejiweza ipewe vijana. Tope lisiachwe ukingoni, litarudi ndani. Libebwe siku ile ile, magunia yakijazwa nusu tu, maana tope ni zito. Fanyeni Julai au Agosti, kabla ya mvua za Septemba. Kikao kinachofuata kiwe baada ya mvua kubwa ya kwanza, pale pale mtaroni.

SWALI: Huku Bagira tulichanga faranga za sepetu na toroli, mweka hazina akahama nazo. Watu hawataki tena kuchanga.
Msomaji, Bagira

JIBU: Wana haki. Safari hii tumeni kwanza watu wawili sokoni wakaulize bei, ndipo mchange kiasi hicho tu. Mmoja ashike pesa, mwingine ashike kaye, na kila anayetoa aandikwe na kutia sahihi papo hapo. Vifaa vinunuliwe wiki hiyo hiyo, pesa zisilale, na risiti ibandikwe kwenye kaye. Asiye na faranga atoe siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, naye aandikwe kwenye mstari wake kama wengine.