Re: Nifike Tanga lini ili nile vya kwao?

Ndugu yangu, umeuliza ufike Tanga lini ule vya kwao, si chipsi kuku za kila stendi. Tazama mwezi kwanza. Bamvua, yaani bahari kujaa na kutoka sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji yakitoka sana, miamba hubaki wazi na pweza hupatikana kwa wingi. Ukija maji mafu, yasiyotoka sana, shauri yako, utauziwa wa barafu.

Asubuhi zunguka Ngamiani, kule barabara zinaitwa kwa namba, utafute mahamri na mbaazi za nazi, tui zito linalobaki kidoleni. Mchana ulizia bada, ugali wa muhogo, kwa papa mkavu. Hotelini bada sijawahi kulikuta, mie hula kwa mama ntilie. Machungwa nunua Muheza, mji wa jirani, hapo hapo barabarani.