Moshi mweusi kwenye gia, kukata kwenye busti: magonjwa mawili ndani ya gari moja

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Lindi, natumia Subaru Forester ya turbo, gia za mkono. Nimefunga eksozi pana kuanzia kwenye turbo, intakula (kipoza hewa ya turbo) ya mbele, na ile valvu ya kupumulia inayolia "chwiii". Busti, yaani presha ya hewa ya turbo, nimeipandisha kwa kikoki cha mkono hadi baa 1.2. Baada ya hapo, kila nikibadili gia linatema moshi mweusi. Fundi mmoja akasema linakunywa mafuta mengi, akafunga kiboksi cha kupunguza mafuta na kuyashusha asilimia 10. Sasa nikikanyaga, nikipita Mingoyo kuja Mtwara, likifika mizunguko 4,500 linashtuka na kukata kama limezimwa swichi. Ninunue pampu kubwa ya mafuta au nozeli?

JIBU: Marahaba. Usinunue kitu kwanza. Leo hii vua kikoki, unganisha mpira wa westigeti (mlango unaodhibiti busti ya turbo) moja kwa moja ubaki na busti ya springi tu, na hicho kiboksi kitoe. Baada ya hapo tutaelewana.

Moshi wako haukuwa wa mafuta kuzidi kwenye busti. Sensa ya hewa ya Forester imekaa karibu na boksi la chujio, mwanzo kabisa wa njia. Hewa ikishapita pale, kompyuta imeshaihesabu na kuiandalia mafuta. Ukiachia mguu ubadili gia, valvu yako inaimwaga nje ile hewa iliyokwisha hesabiwa. Ni kama karani wa ghala aliyepima korosho mlangoni, kisha magunia yakatolewa kwa dirisha la nyuma: daftarini bado yapo. Nozeli zinamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo, na moshi unatoka. Dawa yake ni kuirudisha ile hewa kwenye bomba kabla ya turbo, kama kiwanda kilivyofanya. "Chwiii" itapungua. Najua inauma.

Sasa angalia dawa uliyopewa. Viboksi vingi vya namna hiyo hupunguza mafuta kwa kuidanganya kompyuta kwamba hewa iliyoingia ni kidogo. Lakini kompyuta hutumia hesabu hiyohiyo kupanga cheche. Ikiona hewa kidogo, inadhani injini haina mzigo, inarusha cheche mapema zaidi. Kwa hiyo kwenye baa 1.2 una mafuta pungufu na cheche ya haraka kwa wakati mmoja. Hapo ndipo injini inapoanza kugonga, mlio kama misumari ndani ya kopo, na pistoni za gari hili hazina uvumilivu mrefu.

Kule kukata kwa ghafla, kama swichi, mara nyingi ni kompyuta yenyewe: busti imepita kiwango ilichopangiwa, inazima nozeli kuokoa injini. Ingekuwa ni plagi kushindwa kuwaka, gari lingemisi na kutetemeka, na hapo ungepunguza mwanya wa plagi hadi karibu milimita 0.7. Wapo mafundi watakaokuuzia kifaa cha kuificha presha kompyuta isikate. Kikatae. Ni sawa na kumziba mlinzi mdomo kwa sababu anapiga kelele usiku.

Ukisharudi kwenye busti ya springi, funga geji ya oksijeni ya masafa mapana, inayoonyesha uwiano wa hewa kwa petroli. Sensa ya kiwandani mara nyingi inajua vizuri eneo la karibu na 14.7 kwa 1 tu, yaani hewa 14.7 kwa petroli 1 kwa uzito. Kwenye busti haikuambii kitu cha kutegemea. Iweke baada ya turbo, imeinama kidogo ili maji ya mvuke yasiilowanishe, na hakikisha eksozi haivuji kabla yake, maana uvujaji unaingiza hewa na geji inasoma uongo. Ukitembea polepole utaona karibu 14.7. Kwenye busti kamili, kwa joto letu la pwani, nataka kati ya 11 na 11.5. Ikipita 12.5 ukiwa umekanyaga, toa mguu.

Kabla ya kulaumu pampu, angalia kimpira chembamba cha regileta ya mafuta, ile inayoshika presha ya mafuta ya nozeli. Nimelipia somo hili mwenyewe. Miaka ya nyuma niliyeyusha pistoni ya mteja, na kosa lilikuwa langu: nilipandisha busti bila kufunga geji ya presha ya mafuta. Regileta ya kawaida hushika karibu baa 3, na busti ikiongezeka baa 1 presha ya mafuta nayo inapaswa kupanda hadi 4, ili tofauti ibaki ileile. Kimpira kile kilikuwa na ufa mdogo chini ya klipu, huuoni mpaka ukikunje. Presha ikabaki 3. Ukitoa baa 1 ya busti inayosukuma kutoka upande wa pili, nozeli ilibakiwa na 2 tu, na mafuta yakapungua karibu asilimia 18. Kimpira cha bei ya soda kikaniingiza kwenye ovaholi.

Kama presha inapanda vizuri, ndipo tuulize nozeli. Kwenye mizunguko 6,000 kila silinda ina milisekunde 20 kati ya zamu moja ya mafuta na nyingine. Nozeli ikibaki wazi zaidi ya 17 hivi, imefika mwisho, na hapo kweli utahitaji kubwa pamoja na kupangiwa kompyuta upya. Kwa makadirio, kila nguvu ya farasi ya injini ya turbo inataka karibu cc 6 (sentimita za ujazo) za petroli kwa dakika. Ukilenga farasi 250, kila nozeli kati ya nne itoe kama cc 380, hivyo nunua ya 450 ili isifanye kazi kwa kukabwa.

Busti iongezwe mwisho, baa 0.1 kila hatua, ukisoma geji na kusikiliza kama injini inagonga. Pima saa nane mchana, si alfajiri ya kibaridi. Paka povu la sabuni kwenye klipu zote za intakula mpya, kwa sababu mabomba yake marefu yana maungio mengi ya kuvuja, na uvujaji pale nao huleta moshi. Tafuta mlima, gia ya pili, mtu wa pembeni asome geji, mbali na vijiji na baiskeli.

Ukija Mtwara niletee plagi zako nne, kila moja imeandikwa namba ya silinda. Kuzitoa kwenye injini ya boksa kama hii, ambayo silinda zake zimelala ubavuni, ni adhabu, lakini zitoe, na usizisugue.