Babu yetu Mwingereza wa shamba la kahawa, tumtafute wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Ni msomaji wako wa Usa River. Baba yangu alizaliwa 1952 kwenye shamba la kahawa la mzungu huku Meru. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa kibarua wa palizi hapo shambani, na aliyemzalisha ni mzungu mwenyewe, Mwingereza. Wafanyakazi walimwita Hadisoni. Bibi amefariki bila kutueleza mengi. Alichokuwa akikirudia ni kwamba huyo mzungu alikuja baada ya vita, na aliondoka baba akiwa ndiyo kwanza anaanza shule, akapita barabara ya Namanga na hakuonekana tena. Cheti cha ubatizo cha baba ni cha Kilutheri, na penye jina la baba mzazi wameandika jina la baba yake bibi. Picha hatuna. Ndugu zangu wanasema niachane nayo, eti natafuta pasi ya Uingereza. Habari za pasi ningependa kuzijua, sikufichi, lakini kubwa ni baba: anazeeka, na watu wakianza kuhesabu koo zao yeye huinuka akaenda nje. Nianzie wapi? Kingine nilichonacho ni kipande cha kazi cha bibi tu, tulikikuta ndani ya Biblia yake.
— Mjukuu, Usa River

JIBU: Marahaba mwanangu. Umekitaja kipande mwishoni, tena ukakisindikiza na “tu”. Kwa mtu aliyekaa miaka mingi masijala ya ardhi kama mimi, hicho kipande kina uzito kuliko mengine yote uliyoandika.

Nimeikuza picha ya kipande uliyonitumia kwa simu. Ni kadi ya siku 30, zile walizokuwa wakipewa vibarua: kila siku ya kazi kibarua anawekewa alama kwenye chumba chake, zikitimia 30 ndipo analipwa. Ya bibi yako ina alama za penseli mpaka safu ya mwisho, halafu vyumba vinne vitupu. Hakuimaliza. Juu pamepigwa chapa jina la shamba na namba ya sanduku la posta la Arusha. Nyuma kuna sahihi ya wino uliofifia, herufi mbili kisha mkia mrefu. Usiikimbilie sana hiyo sahihi, kwa sababu mara nyingi aliyesaini vipande alikuwa karani au meneja. Jina la shamba ndilo la kushika. Silitaji hapa maana watu bado wanaishi pale.

Anza na shamba, jina la mtu lifuate baadaye. Hadisoni anaweza kuwa Hudson, Hodson, Addison, Harrison, hata Anderson aliyepita midomo ya watu wengi. Ukienda na jina hilo peke yake kwenye orodha za Waingereza utazama. Halafu wafanyakazi walimjua mzungu waliyemwona kila asubuhi, na huyo hakuwa lazima mwenye mali. Yawezekana alikuwa meneja aliyeajiriwa, au mpangaji. Shamba lenyewe halikuhama, na kila mkono lililopitia uliandikwa.

Maneno ya bibi yako, kwamba alikuja baada ya vita, yananipa moyo kwa sababu yanakaa sawasawa na historia ya ardhi ya huko kwenu. Mashamba mengi ya kati ya Arusha na Moshi yalianza chini ya Wajerumani. Waingereza walipoingia Moshi na Arusha Machi 1916, na vita kwisha, Wajerumani walifukuzwa na mashamba yao yakauzwa kama mali ya adui. Waliyanunua Waingereza, Wagiriki, Wahindi na wengine. Kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, wakarudi kwa wingi. Vita ya pili ilipolipuka 1939 wakawekwa kizuizini, na mashamba yakaangukia tena kwa msimamizi wa mali za adui. Baada ya 1945 ndipo serikali ilipoyagawa upya, na kati ya waliopewa walikuwamo Waingereza waliotoka jeshini. Mwaka 1946 Jaji Mark Wilson alipewa kazi ya kupendekeza ardhi ya Arusha na Moshi igawanywe vipi. Mapendekezo yake ndiyo yaliyozaa balaa la Engare Nanyuki, Wameru walipohamishwa kwa nguvu Novemba 1951 ili kupisha mashamba ya wazungu, mpaka Mmeru mwenzao Kirilo Japhet akaenda kulalamika Umoja wa Mataifa 1952. Baba yako kazaliwa katikati ya kishindo hicho. Ninapotafakari ukimya wa bibi yako, huo mwaka siuachi nyuma: nyumbani kwao wanalia ardhi, na yeye amebeba mtoto wa mzungu mwenye ardhi.

Kwa hiyo kipindi chako cha kutafuta ni 1946 hadi 1960 hivi. Kwanza nenda kwa wazee waliobaki pale shambani, na kwa walio na eneo hilo leo, uulize namba ya shamba au namba ya hati. Ukiipata, omba upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Unajaza fomu, unalipa ada, unaoneshwa kilichosajiliwa. Tangu sheria ya ardhi ya 1923 wageni walimilikishwa kwa hati za muda, mpaka miaka 99, na daftari linaonesha nani alimilikishwa, nani alihamishiwa, nani aliweka rehani na tarehe zake. Omba historia yote, usikubali kupewa jina la mmiliki wa sasa peke yake. Hapo ndipo Hadisoni atakapopata tahajia yake na majina yake ya mbele, na hizo herufi mbili za nyuma ya kipande zitakuwa na kazi ya kufanya.

Usajili ukikukwamia, nenda Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa pale Upanga. Ulizia majalada ya Jimbo la Kaskazini na ya wilaya ya Arusha: maombi ya mashamba, ugomvi wa mifereji, barua za mpaka. Wakulima wa kizungu waliandika barua nyingi sana kwa DC, na maji ya mfereji yalikuwa yakiwagombanisha mfululizo. Jina la shamba ukiwa nalo, mhifadhi atajua pa kukushika mkono. Na kama kuna dalili kwamba alifia nchini, huenda mirathi yake ilipita kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ofisa wa serikali wa mirathi, ambaye siku hizi yuko RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini.

Ukishakuwa na jina kamili ndipo uvuke bahari, na hiyo safari utaifanya kwa simu. Uingereza walitunza orodha za abiria wa meli walioondoka kwenda nchi za mbali kuanzia 1890 hadi 1960. Ziko Nyaraka za Taifa za huko, Kew, London, na zimeingizwa mtandaoni. Tafuta mtu wa jina ulilolipata aliyepanda meli baada ya vita kwenda Mombasa, Tanga au Dar es Salaam. Orodha inatoa umri, kazi, na anwani yake ya mwisho Uingereza. Hiyo anwani ni dhahabu. Kwa umri unapata mwaka wa kuzaliwa, na kwa mwaka unapata cheti, kwa sababu England na Wales wanasajili vizazi tangu Julai 1837, na faharasa zake unaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya FreeBMD. Sensa ya 1921 imefunguliwa tangu Januari 2022, kwa hiyo kama alikuwa mtoto wakati ule utamwona nyumbani na wazazi na ndugu zake. Ya 1931 usiihangaikie, iliungua moto 1942, na ya 1941 haikufanyika. Wana daftari la kuandikisha raia la Septemba 1939, ila waliokuwa tayari jeshini hawamo. Usipomkuta humo usikate tamaa, inaweza kuwa dalili kwamba alikuwa askari. Angalia pia orodha yao ya mirathi inayoanzia 1858. Mtu akifa popote na ana mali Uingereza, mara nyingi jina lake huingia humo na mahali alipofia. Babu yako alishika barabara ya Namanga, basi jiandae kumkuta amefia Kenya, Rhodesia au kijijini kwao.

Yote hayo yanaweza kungoja. Lisilongoja ni baba yako. Makaratasi yatakuonesha mwenye shamba ni nani, hayatakuonesha kwamba ndiye aliyemzaa. Cheti cha ubatizo hakisemi, na baba wa bibi alijaza nafasi hiyo kwa heshima ya nyumba yake, kama ilivyokuwa desturi. (Hata hivyo kaombe usharikani mwone daftari lenyewe la ubatizo, maana cheti ni dondoo. Majina ya wasimamizi yamo humo, na msimamizi alikuwa mtu anayejua siri.) Kitakachothibitisha ni kipimo cha DNA, na wa kupimwa ni yeye, si wewe. Yeye ana nusu ya vinasaba vya yule Mwingereza; wewe una robo hivi, na wanao watakuwa na nusu ya hiyo. Zaidi ya hapo, mwanamume ana kinasaba kinachotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake, wewe binti huna. Akiwa na ndugu wa baba mmoja aliyepimwa huko ng’ambo, watalingana kwa robo hivi, na hapo ubishi umekwisha. Kabla ya kutuma mate ya mtu nje ya nchi, uliza kwanza ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sababu tangu 2009 tuna sheria inayosimamia sampuli za vinasaba vya binadamu.

Lakini mwombe ruhusa. Mkae wawili, bila ndugu wenye maneno ya pasi, umwambie unachotaka kutafuta na kwamba huenda ukapata jambo asilolipenda. Hujui kati ya bibi na yule mzungu palipita nini. Mwajiri na kibarua wake, kwenye shamba ambalo hata nyumba ya kulala ni ya mwajiri, hawakuwa watu wa kukaa meza moja na kukubaliana. Pengine palikuwa na mapenzi, pengine palikuwa na nguvu, pengine vyote. Usimtungie bibi hadithi. Andika aliyoyasema kwa maneno yake mwenyewe, na kwenye mti wa ukoo wako jina lake liwe kamili, na la baba yake, na la ukoo wao wa Kimeru. Mzungu ana madaftari ya nchi mbili ya kumkumbuka. Bibi ana kipande hicho kimoja na ninyi.

Na ukimpata ndugu huko Uingereza, barua ya kwanza iwe fupi: wewe ni nani, baba yako alizaliwa wapi na lini, na kwamba ungependa kujua kama wana picha ya babu. Usitaje mali wala pasi. Wanaweza kuwa hawajui lolote, na mama yao mzee akawa bado hai. Wape muda.

Kuhusu pasi nitakujibu wazi, wala si aibu kuuliza. Tanzania iko Jumuiya ya Madola, na Uingereza wana viza ya ukoo kwa raia wa Jumuiya hiyo mwenye umri wa miaka 17 au zaidi, mwenye nia ya kufanya kazi kule, ambaye babu au bibi yake alizaliwa Uingereza. Kutokuwa na ndoa hakuzuii. Kinachozuia ni ushahidi: unatakiwa kuonesha vyeti vinavyounganisha wewe, baba na babu, na cheti cha baba yako kina jina lingine. Kwa baba mwenyewe, tangu 2015 sheria yao imewafungulia mlango baadhi ya waliozaliwa na baba Mwingereza nje ya ndoa. Hilo mpelekee wakili wa uhamiaji ukishakuwa na DNA na karatasi mkononi, usimlipe mtu kabla.

Kipande kitoe ndani ya Biblia. Wino wa kitabu unahamia kwenye kadi, nimeona hivyo mara nyingi. Kiweke kwenye bahasha safi ya karatasi, mbali na jua, usikipitishe kwenye mashine ya plastiki.

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni wa Siha. Wazee wetu wanabishana kama baba wa babu yetu alikuwa Mwingereza au Kaburu. Alikuwa na shamba la ngano Ngare Nairobi kabla ya vita ya pili. Tutajuaje?
— Wajukuu, Siha

JIBU: Marahaba wanangu. Makaburu walianza kufika pande za Arusha miaka ya 1904 na 1905, wakati wa Mjerumani, na baadhi ya walowezi wa Kilimanjaro Magharibi walitokana nao. Lakini walikuwapo pia Waingereza waliopitia Afrika Kusini, kwa hiyo kutoka Afrika Kusini peke yake hakutoshi kuamua. Waulizeni wazee mambo mawili: alikuwa anasali wapi, na alipokasirika alitukana kwa lugha gani. Wafanyakazi hawasahau matusi.

Kwa vyovyote vile jaribuni Afrika Kusini kabla ya Uingereza. Majalada yao ya mirathi huwa na fomu ya taarifa ya kifo inayotaja wazazi wa marehemu, mahali alipozaliwa, mke na watoto, na faharasa yake inasomeka bure mtandaoni. Kwenye orodha hiyo ya watoto, wa kwenu msitegemee kumwona. Mtakachokipata ni mahali alipozaliwa huyo mzungu na majina ya wazazi wake, na ubishi wa wazee huenda ukapata jibu. Niandikieni jina la shamba na mwaka alioondoka, hata wa kukisia, niwaambie daftari lipi la ardhi la kuanzia.