Nina BRCA1 lakini siumwi: nijiunge na majaribio ya dawa?

SWALI: Daktari, mamangu alifariki kwa saratani ya matiti, na mama mdogo anaugua ya ovari. Nimepimwa damu nikaambiwa nimerithi hitilafu ya jeni ya BRCA1, inayoongeza hatari ya saratani hizo. Nina miaka 31, sina uvimbe wowote. Nasikia ng'ambo wanajaribu sindano ya kuzuia. Nikijiunga si nitakuwa panya wa maabara? Na nikipewa dawa bandia, si nitapoteza miaka bure? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Dada, pole kwa kumpoteza mama. Kwanza neno lenyewe: dawa bandia ni ile feki ya vichochoroni. Kwenye utafiti kuna plasebo, sindano inayofanana na dawa ila haina dawa ndani. Wewe hujui umedungwa ipi, na muuguzi anayekudunga hajui.

Sindano uliyosikia huenda ni denosumabu, dawa ya mifupa ya siku nyingi. Jaribio la BRCA-P, linaloongozwa kutoka Austria, linaipima kwa wanawake kama wewe: wana BRCA1, hawana saratani. Hapo ndipo penye uzito. Mgonjwa huvumilia dawa kali kwa sababu ugonjwa ni mkali zaidi. Wewe huumwi, kwa hiyo hata dhara dogo lihesabiwe. Denosumabu, kwa mfano, yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama unapanga kuzaa karibuni, hiyo pekee yatosha kukurudisha nyumbani.

Kuhusu miaka: plasebo haikunyimi uchunguzi. Kwa BRCA1, miongozo mingi inataka picha ya MRI ya matiti kila mwaka kuanzia miaka 25, mamografia (eksirei ya matiti) kuanzia 30, na mazungumzo ya kutoa ovari kati ya 35 na 40. Haya yaendelee kundi lolote utakaloangukia, la dawa au la plasebo. Basi uliza: MRI hiyo inalipwa na nani? Nikitaka kutoa ovari katikati, mtanitoa kwenye utafiti? Nikiumia, gharama ni ya nani? Kama jibu halimo kwenye fomu ya ridhaa, usitie sahihi. Hapa Kenya omba pia barua ya kamati ya maadili na kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu.

Subira nayo utaihitaji, kwani faida ya dawa ya kuzuia huweza kuchelewa kuonekana. Aspirini ya miligramu 600 ilijaribiwa kwa watu 861 wenye Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Matokeo ya 2008 hayakuonyesha faida yoyote. Walipofuatiliwa hadi miaka kumi na zaidi, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imewapata asilimia 9 ya waliomeza aspirini, na 13 ya waliomeza plasebo. (Tafadhali usikimbilie duka la dawa. Hiyo ni Lynch, si BRCA1, na aspirini yaweza kutoboa tumbo.)

Na panya? Panya haulizwi. Wewe waweza kuondoka siku yoyote bila kueleza sababu, na kliniki yako ya kawaida itaendelea kukuhudumia. Ukienda kliniki, nenda na kaka na dada zako wapimwe. Kila mmoja ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi hitilafu hiyo, wanaume wakiwemo.