Maswali yenu: makonde, chumvi na viwanja

Watu wakiongezeka, si na wakulima wanaongezeka? Hofu ya chakula ya nini? (Makunduchi)

Sensa ya 2012 ilituhesabu Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ilikuta 1,889,773. Walioongezeka hapo kati wanazidi wakaazi wote wa Pemba, na hawakwenda bondeni kulima, wamekwenda kutafuta kiwanja. Eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi wamegaiwa watoto, kisha wajukuu, na leo fungu la mmoja linatosha banda na migomba minne. Mashariki ya Unguja ni maweni matupu. Udongo mzito uko upande wa pili, na huko huko ndiko tunakomwaga zege. Piteni Fuoni mpaka Tunguu mujionee.

Maji ya bahari yameingia kondeni. Nikingoja masika, chumvi itatoka? (Kisiwa Panza)

Mvua kubwa itaiosha, na bamvua ijayo, yaani bahari ikijaa sana, itairudisha ikiwa tuta limebomoka. Niliwahi kushuka bonde moja huko Pemba siku chache baada ya bamvua. Ncha za majani ya mpunga zilikuwa na rangi ya kutu, na juu ya udongo umekauka ukoko mweupe kama unga. Mwenye konde alivunja kipande, akakionja, akakitema, asiseme kitu.

Zibeni tuta kwanza, kwa pamoja, kwani tuta la mtu mmoja halizuii bahari. Kisha fungieni maji ya mvua kondeni na kuyatoa, zaidi ya mara moja. Na mikandaa (mikoko) inayovunja nguvu ya bahari iacheni! Joto la dunia linalopandisha bahari hatukulileta sisi, lakini mikandaa tumeikata wenyewe kwa kuni na kwa kuchomea chokaa.

Nipande mpunga lini?

Swali hili naletewa kila wiki, na kila wiki muulizaji hasemi yuko wapi, ana udongo gani wala mbegu gani. Kama unategemea mvua, jua kuwa masika hayaaminiki tena. Tafuta mbegu ya muda mfupi kama NERICA, inayokomaa kwa siku 90 hadi 100 hivi, na umuone bwana shamba kabla hujatifua.

Mwani mnene unatufia. Hilo nalo ni suala la chakula? (Paje)

Ndiyo. Maji ya pwani yamepata joto, mwani unaoza kambani, na mama anayeuza mwani ndiye anayenunua mchele wa nyumba.

Meli zinaleta mchele. Mabonde ya nini? (Darajani)

Julai 2023 India ilizuia kusafirisha mchele wake mweupe wa kawaida, ikihofia bei kwa watu wake. Mwenye ghala akiona shida hulisha wanawe kwanza, na hatuwezi kumlaumu. Mchele wa Mbeya nao unangoja mvua kama wetu. Lindeni mabonde, na murudishe muhogo, majimbi na shelisheli mezani bila ya kuona haya. Wageni wakija tunavificha vyakula hivi, kwa nini?

Nimerithi robo eka ya udongo mzuri, dalali ananisumbua. Niuze? (Kisauni)

Usiuze. Kama familia inahitaji vyumba, pandisheni ghorofa juu ya nyumba mliyonayo. Hapo shambani tia migomba, muhogo na mboga. Na ikiwa dalali keshapiga vigingi, ving'oe leo.