Muziki wa huzuni upo, lakini tukio halimgusi mtazamaji

Katika filamu, mara nyingi tatizo ni mahali muziki unapoanzia, wala si muziki wenyewe. Ukiuingiza kabla mhusika hajapokea habari, umemwambia mtazamaji alie kabla hajajua analilia nini. Acha habari itamkwe, uso ubadilike, ndipo muziki upande taratibu kwa sekunde mbili tatu.

Kabla ya hapo usiweke ukimya mtupu. Sauti ikikatika kabisa, mtu hudhani spika imeharibika. Rekodi sekunde 30 hadi 60 za sauti ya chumba chenyewe, watu wote wakiwa wametulia, uitandaze chini ya tukio zima. Juu yake weka kelele moja ndogo kwenye treki (mstari wa sauti katika programu ya kuhariri) ya peke yake, tuseme feni. Ififishe pale habari inapoingia, na upweke utasikika hata bila ala yoyote. Mimi ningeanza na hili kabla ya kutafuta muziki mwingine.

Maneno yakimezwa na muziki, usikimbilie kupandisha sauti ya mwigizaji. Kwa kisawazisha sauti (EQ), shusha muziki desibeli 3 hivi (kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya hezi 1,000 na 4,000 (kipimo cha wembamba au unene wa sauti), maana uwazi wa matamshi uko hasa humo. Wimbo wenye maneno usiuweke chini ya mazungumzo.