Tabibu Anajibu: Aache pombe kwanza, au atibiwe mawazo?

SWALI: Mume wangu ni mvuvi wa dagaa hapa Igombe. Mbalamwezi ikiingia hawaendi ziwani, naye hushinda kwenye gongo, na asubuhi lazima azimue. Siku hizi halali, chakula hagusi, anasema heri afe. Ndugu zake wanataka apelekwe kisiwani kwa kaka yake aache pombe kwanza, mawazo yatibiwe baadaye. Ni sawa?
Mama wa watoto wawili, Ilemela

JIBU: Hapana, mama. Vyote viwili vitibiwe pamoja, na kisiwani hapafai kabisa. Anayezimua kila asubuhi mwili umeshaitegemea pombe. Akikatiziwa ghafla, kutetemeka na jasho huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kumkamata ndani ya siku 2 za mwanzo. Kuanzia siku ya 2 hadi ya 4 wengine huchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua, na kusubiri kivuko cha asubuhi ni kuchelewa. Aachie karibu na hospitali, Sekou Toure au Bugando, apewe diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Mnywaji asiyekula akiwekewa dripu ya glukosi bila B1, ubongo huweza kudhurika. Diazepamu msijinunulie dukani: ikikutana na gongo huzima pumzi.

Hilo la "heri afe" halisubiri. Muulize waziwazi kama amepanga kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Asiachwe peke yake, dawa na sumu zifungiwe, aonwe leo.

Pombe yenyewe huzaa sonona, huo ugonjwa wa mawazo, ambayo mara nyingi hupungua wiki 2 hadi 4 baada ya kuacha. Ikibaki, au kama ilitangulia pombe, ni ugonjwa unaojitegemea. (Kukosa usingizi peke yake si ushahidi, mvuvi wa dagaa hukesha kwa kazi.) Kumbuka pia: uliwahi kumwona siku kadhaa, bila kunywa, halali wala hachoki, anaongea mfululizo, anagawa pesa ovyo? Mwambie daktari kabla hajaandika dawa, kwani fluoksetini, dawa ya sonona, ikitumiwa peke yake huweza kumrusha kwenye hali hiyo tena. Akiandikiwa, nafuu huchukua wiki kadhaa. Wengi huitupa wiki ya kwanza wakidhani ni feki. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, juu ya gongo ni hatari, humlaza fofofo na kuvuruga moyo.

Mkienda, bebeni kila kidonge anachomeza, na mseme ukweli: hunywa kiasi gani kwa siku, na cha mwisho alikinywa saa ngapi.